Kijiko cha Saba

Huku Sheffield, mji uliowahi kuilisha dunia kwa vijiko vyake,
nilimkuta mtu mzima asiyeweza kunywa supu.

Clifford Oldroyd, dereva wa tramu mstaafu.
Mkono wake wa kuume ulikuwa na mtetemo usiomwomba ruhusa:
safari ya kutoka bakulini hadi kinywani
kijiko kilifika kikavu, shati limeshiba.
Mimi nililipwa kwa saa kumlisha.
Alifumba macho ndipo akafumbua mdomo,
na sijapata kusikia kimya kizito
kama cha baba wa watu anayelishwa.
Jumapili, dada yake alipoandika meza,
alisema hana njaa.
Miaka miwili hakuwa na njaa.

Dada mtu ni Maureen. Alisugua visu kiwandani
hadi kiwanda kikafungwa, kikageuzwa maegesho ya magari.
Hakuniambia anafanya nini. Niliona tu
taa ya kibandani nyuma ya nyumba, usiku, mvua juu ya bati,
na asubuhi plasta mpya kidoleni.

Cha kwanza kilikuwa kizito kama nyundo.
Cha pili kilibembea, kikamwagia kushoto badala ya kulia.
Cha tatu, cha nne, cha tano, tuviache.
Cha sita kilimfanya Clifford atukane.
Cha saba alikitia gololi za baiskeli ya mjukuu
na chini yake tone la risasi.
Akakiweka mezani bila neno.

Clifford akachota.
Mkono ukacheza ngoma yake,
kijiko hakikucheza.
Supu ya njegere ikafika.

Akaja kijana wa kampuni, tai ya buluu,
akakipiga picha kila upande, akauliza:
wako wangapi wenye shida hii? Yaani, soko lina ukubwa gani?
Maureen akafikiri. Kwa kweli akafikiri.
"Kinywa kimoja," akasema. "Utakunywa chai?"
Alikunywa. Hakurudi.
Simlaumu, naye ana kodi ya nyumba,
na faida si haramu; hata ile taa ya kibandani
ilikuja na bili.

Lakini tangu siku ile najiuliza:
aliyetoboa tundu la sindano ya kwanza, alikuwa anauza nini?
Na yule aliyekitia kifuu mpini,
kabla hakijaitwa upawa,
si aliona tu vidole vya mtu vimeungua?
Hatuna jina lake. Hatuna risiti.
Tuna upawa.

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga.
Hawakusema habari ya mkono uliojaa
ambao mwenyewe hawezi kuufikisha kinywani.

Nilimtumia mchoro binamu yangu Mwinyikombo,
fundi wa kuchomelea, Muheza.
Akajibu kwa picha: mahali pa gololi ametia spoku.
"Nimekirekebisha kwa ajili ya jirani. Chenu kinakwama kwenye kona."
Maureen akavaa miwani, akatazama, akaguna,
akarudi kibandani kumwiga mtu asiyemjua.

Ofisi imenipunguzia saa tano kwa wiki.
Mteja, wameandika, hahitaji tena kulishwa.
Niliisoma barua kituo cha basi, kwenye baridi,
nikahesabu hasara yangu kwa vidole,
kisha nikajikuta nacheka peke yangu
hadi mama mmoja akasogeza mkoba wake.

Jumapili iliyopita nilialikwa, si kazini.
Tulikuwa watano. Clifford alibishana juu ya mpira
mdomo umejaa, kama mtoto asiye na adabu.
Tone moja likaangukia kitambaa cheupe.
Sote tuliliona, sote tukatazama chumvi.
Akalifuta mwenyewe kwa kidole,
akasukuma bakuli mbele:
"Imebaki?"